Dar hadi Mwanza kwa Ndege ya Kilo 600

Wiki ya mwisho ya mitihani, tiketi za mabasi ya Kanda ya Ziwa zinapoanza kuadimika, hakosekani mtu kantini anayetoa simu na kuonyesha video ya ndege ndogo ya watu wawili: mbawa nyeupe, chini bahari ya buluu, na maelezo kwamba inatumia petroli ya kawaida kama gari. Hapo ubishi unawaka. Sasa kwa nini mtu akae kwenye basi siku nzima? Si tungechanga tu, tukanunua hiyo kitu, tukawa tunaenda Mwanza na kurudi?

Watu huishia kucheka na kurudi kwenye chai. Mimi naona swali ni la maana, ila linataka kalamu na karatasi. Kuna watu wamezunguka dunia nzima na ndege za aina hii, wengine wadogo kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kwamba inawezekana, hilo limeshathibitishwa. Kilichobaki ni kujua safari ndefu ya namna hiyo inakula nini, na hapo ndipo video huwa inakatika.

Tuanze na jina. Zinaitwa ndege nyepesi za michezo. Kundi hili lilirasimishwa Marekani mwaka 2004, mamlaka ya anga ya huko, FAA, ilipoweka mipaka yake: injini moja, viti visivyozidi viwili, uzito usiozidi kilo 600 wakati wa kuruka, au kilo 650 kama ndege inatua majini, na kasi isiyozidi kama kilomita 222 kwa saa. Leseni ya kuzirusha ilihitaji saa 20 tu za mafunzo hewani, na kwa upande wa afya leseni ya udereva ilitosha. Shabaha ilikuwa kumwezesha mtu wa kipato cha kati aruke Jumamosi asubuhi na kurudi nyumbani kula mchana. Ulaya nako kuna ndugu zake wa karibu, wenye uzito wa kufanana na sheria zao wenyewe. Mwaka 2025 FAA ilitangaza kanuni mpya zinazoondoa ule ukomo wa kilo, lakini ndege nyingi zinazoruka sasa zilisanifiwa kwa kipimo cha 600, kwa hiyo na sisi tutabaki nacho.

Injini utakayoikuta kwenye nyingi ya ndege hizi ni Rotax 912, inayotengenezwa Austria. Ina nguvu ya farasi 80 au 100 kutegemea toleo, kiasi ambacho hakipishani sana na Toyota IST inayopita hapo getini. Inakunywa lita 15 hadi 20 kwa saa ikiwa kwenye mwendo wa safari. Na ndiyo, video haikudanganya: injini hii inakubali petroli ya gari.

Sasa kalamu. Kwa mstari ulionyooka, Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850. Kwa barabara ni zaidi ya 1,100, maana basi linazunguka Dodoma, Singida na Shinyanga. Chukulia ndege yetu inakwenda kilomita 190 kwa saa. Inafika kwa mwendo wa saa 4 na nusu hivi, na kwa matumizi ya lita 18 kwa saa imekula lita 81. Hadi hapo kila mtu mezani anashangilia. Mafuta hayo mkigawana wawili, mnaanza kuwaona wanaopanda basi kama hawajui maisha.

Tatizo liko kwenye mizani.

Ndege tupu, bila mtu wala mafuta, ina uzito wa kama kilo 370. Ukiitoa kwenye 600 unabaki na kilo 230 za kuchezea. Weka watu wawili wa kilo 75 kila mmoja: zimebaki 80. Petroli ina uzito wa kama kilo 0.72 kwa lita, kwa hiyo lita 81 ni kilo 58. Lakini hakuna rubani mwenye akili timamu anayeondoka na mafuta ya kufikia tu. Kanuni za kawaida za kuruka mchana zinadai akiba ya angalau nusu saa, na kwa nchi yenye viwanja vilivyo mbalimbali kama yetu, mimi ningeweka saa nzima. Hizo ni lita 18 nyingine, kilo 13. Jumla ya mafuta ni kilo 71. Zimebaki kilo 9.

Kilo 9 za mizigo, kwa watu wawili, wanaokwenda likizo ya miezi. Kompyuta mpakato mbili, viatu pea mbili, shuka na maji ya kunywa, umeshamaliza. Ile zawadi ya mchele wa mama sahau, na wakati wa kurudi sato wa kukaanga usimfikirie kabisa. Halafu ikitokea mmoja wenu ana kilo 90 badala ya 75, mnaingia kwenye hasi kabla hamjabeba hata mswaki. Kwenye basi ukizidisha mzigo unabishana na konda mnaelewana. Huku hakuna konda. Ndege iliyozidishiwa uzito inakula barabara ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka, inapanda kivivu, na ile kasi ya chini ambayo mbawa huacha kubeba inakuwa juu zaidi, hivyo rubani anabakiwa na nafasi ndogo ya kukosea.

Na bado hatujagusa joto wala mwinuko. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya moto nayo ni nyepesi, kwa hiyo mbawa zinapata kidogo cha kushika, propela inapata kidogo cha kusukuma, na injini isiyo na tabo inavuta pumzi fupi. Uwanja wa Dodoma uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, ndege inajiona kama iko kwenye mita 1,900. Ndege ileile iliyonyanyuka Dar kama kunguru, hapa inakimbia na kukimbia. Wilson, Nairobi, iko karibu mita 1,700 hata kabla hujahesabu joto. Ndiyo maana ukiangalia ratiba za marubani wa ndege ndogo huku kwetu utaona wanapenda alfajiri. Hewa imepoa, ndege inanyanyuka kwa hiari yake.

Kusi na kaskazi

Watu wa pwani hawahitaji somo refu hapa. Majahazi yalikwenda Arabuni na kurudi kwa kufuata upepo, kaskazi unaoleta na kusi unaorudisha, na nahodha aliyelazimisha safari kinyume na msimu alijulikana ana haraka ya nini. Ndege kubwa ya abiria inayokwenda kilomita 800 kwa saa haijali sana upepo wa kilomita 30. Ndege yetu ya kilomita 190 inaujali vilevile kama jahazi.

Tuseme ni Julai, na upepo unavuma kutoka kusini mashariki kwa kilomita 30 kwa saa. Kwenda Mwanza unakusukuma mgongoni: unakwenda 220, unafika kwa saa 3 na dakika 52. Raha tupu. Kurudi unaupiga kifua: kasi yako juu ya ardhi ni 160, na safari inakuwa saa 5 na dakika 19. Mtu anaweza kudhani faida ya kwenda inafidia hasara ya kurudi. Haifidii, kwa sababu upepo mbaya unakaa nao muda mrefu kuliko ule mzuri. Lakini hiyo tofauti ya dakika si ndiyo inayouma. Kinachouma ni mafuta. Kurudi kunataka lita 96, ongeza akiba ya lita 18 inakuwa 114, sawa na kilo 82. Na sisi tulikuwa na kilo 80 tu baada ya watu kukaa. Kwa maneno mengine, mkiwa na mikono mitupu, bila hata begi, hamwezi kurudi Dar moja kwa moja na akiba hiyo ya saa nzima bila kuzidisha uzito. Lazima mtue katikati, Tabora au Dodoma, muongeze mafuta.

Swali linalofuata ni kama hapo katikati kuna mafuta yenyewe. Viwanja vinavyohudumia ndege kubwa vinaweka mafuta ya ndege za jeti, ambayo ni ya ukoo wa mafuta ya taa. Rotax haiyawezi. Inataka petroli: ama ile maalumu ya ndege za injini za pistoni, avgasi, ambayo haipatikani kila uwanja, ama ya kituo cha kawaida cha barabarani. Ya barabarani itabidi ubebe kwa madumu kutoka mjini, kwa ruhusa ya watu wa uwanja, uichuje vizuri maana maji kidogo tu kwenye tangi yanaweza kuzima injini angani. Na kwenye joto kali petroli ya gari huwa na tabia ya kugeuka mvuke ndani ya mipira kabla ya kufika kwenye injini. Yote yana ufumbuzi. Ila ukijumlisha kutafuta bodaboda ya madumu, kuchuja, kujaza na kusaini karatasi, masaa yanakatika, jua linapanda, na ile Dodoma ya mita 1,100 inageuka Dodoma ya mita 1,900.

Kisha mawingu. Rubani wa ndege hizi kwa kawaida anaruka kwa kuona kwa macho: anatakiwa aione ardhi na upeo wa macho muda wote. Akiingia ndani ya wingu bila mafunzo ya kuruka kwa vyombo, sikio la ndani, lile tunalotegemea kwa kusimama wima, linaanza kumdanganya. Anahisi amenyooka kumbe amelalia upande mmoja na anashuka. Huu si uoga wa kufikirika. Wanafunzi wa urubani wanaonyeshwa jambo hilo wakiwa wamefunikwa macho, na karibu kila mmoja anashangaa. Kwetu mawingu ya radi hujikusanya nchi kavu kuanzia mchana, wakati juu ya Ziwa Viktoria radi hupendelea usiku kuamkia asubuhi. Anayekwenda Mwanza anapaswa kuijua ratiba ya ziwa na ya bara, akapita katikati ya zote mbili. Na jua likizama huku karibu na ikweta halina mazungumzo. Kiza kinaingia haraka, hakuna ule mwanga wa jioni unaojivuta kama Ulaya.

Injini ikizima je? Hili kila mtu anauliza la kwanza, nami nimelileta huku makusudi kwa sababu kati ya hatari zote si la kwanza. Ndege haidondoki kama jiwe, inageuka kuwa kitu cha kuteleza hewani. Kwa ndege za aina hii, kila mita moja ya kimo inakupa kama mita 10 za kwenda mbele. Ukiwa mita 1,000 juu una kilomita 10 za kuchagua shamba. Nyingi pia zina parashuti ya ndege nzima, inayofyatuliwa kwa roketi ndogo na kuishusha ndege na watu wake. Bahari ndiyo inayobadilisha hesabu. Mkondo wa kati ya bara na Unguja una upana wa kama kilomita 40. Ukivuka kwa kimo cha mita 1,000, kuna kilomita 20 za katikati ambazo huifikii nchi yoyote, yaani dakika 6 hivi. Ukivuka kwa mita 2,000 huo mwanya unafunga. Ndiyo maana rubani wa ndege ndogo anayevuka kwenda Zanzibar hupanda kwanza, halafu ndipo anaelekea majini, na maboya amevaa tayari.

Siku 155

Sasa waliofika mbali. Tarehe 18 Agosti 2021 Zara Rutherford, binti wa miaka 19 mwenye asili ya Ubelgiji na Uingereza, aliruka peke yake kutoka Kortrijk, Ubelgiji, kuzunguka dunia. Ndege yake ilikuwa Shark, inayotengenezwa Slovakia, injini ni ile ile Rotax 912. Shark ina kasi kuliko ndege yetu ya mfano, inagusa kilomita 300 kwa saa, na magurudumu yake yanakunjwa, hivyo kwa kanuni za Marekani za wakati ule isingeingia kundini. Lakini ni ya ukoo huo huo wa uzito mdogo. Kiti cha nyuma kiliwekwa tangi la ziada. Unaona mizani ilivyoamua: ili aende mbali, ilibidi abiria awe petroli.

Alirudi Kortrijk tarehe 20 Januari 2022, siku 155 baadaye, akiwa mwanamke mdogo kuliko wote kuzunguka dunia peke yake kwa ndege. Mpango ulikuwa miezi mitatu. Alikwama mwezi mzima Nome, Alaska, akisubiri hali ya hewa na viza ya Urusi. Alipovuka akakwama tena wiki kadhaa Ayan, kijiji cha pwani ya Siberia. Kabla ya hapo moshi wa misitu iliyokuwa ikiungua California ulimfanya ageuze. Tufanye hesabu moja ya haraka. Alikwenda zaidi ya kilomita 50,000. Hata kwa wastani wa kilomita 250 kwa saa, hizo ni saa 200 za kuruka, siku nane na kidogo. Zile nyingine, karibu zote, alikuwa chini: analala, anajaza fomu, anaangalia dirishani.

Kwa maoni yangu hizo wiki za Nome ndizo sehemu ya safari inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote. Mtu ana miaka 19, ana wafadhili, ana vyombo vya habari vinamfuata, ana rekodi mbele yake, na kila asubuhi anaangalia wingu na kusema leo hapana. Anasema hivyo kesho yake, na kesho kutwa. Ukimuuliza mkufunzi yeyote wa urubani atakwambia kuna ugonjwa wa kutaka kufika, na unaua marubani wazoefu wanaojua vizuri kabisa kwamba hali ni mbaya, ila wana harusi ya kuhudhuria au kazi Jumatatu.

Mdogo wake, Mack, aliondoka Sofia, Bulgaria, tarehe 23 Machi 2022 akiwa na miaka 16, naye kwa Shark. Aliwekea dunia duara lake kupitia Afrika, akakutana na dhoruba za mchanga Sudan. Urusi ilikuwa imeshaivamia Ukraine, kwa hiyo njia ya dada yake kupitia Siberia ilikuwa imefungwa. Akalazimika kuruka kama saa 10 mfululizo juu ya Pasifiki kutoka Japani hadi kisiwa cha Attu, mwisho wa mlolongo wa visiwa vya Alaska, mahali pasipo na mkazi hata mmoja. Vita ambavyo hakuna aliyemshirikisha vilimwongezea saa za bahari. Alimaliza tarehe 24 Agosti, akiwa na miaka 17.

Yupo pia Aarohi Pandit wa India. Mei 2019, akiwa na miaka 23, alikuwa mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kwa ndege nyepesi ya michezo, Sinus ya kampuni ya Pipistrel ya Slovenia, yenye uzito wa zaidi kidogo ya kilo 400. Hakuruka Atlantiki kwa mpigo. Alipita juu, Scotland hadi Iceland, Greenland, kisha Kanada, akiruka kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Nahodha wa jahazi angemwelewa mara moja.

Karatasi

Mpaka wa nchi kwa ndege hizi ni mgumu kuliko mlima. Sababu yake ni ya kisheria na ni ya zamani. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaoongoza usafiri wa anga wa dunia, unazitaka nchi zitambue vyeti vya ndege na leseni za marubani za nchi nyingine, kwa sharti kwamba vimefikia kiwango cha chini cha kimataifa. Ndege nyepesi za michezo nyingi ziliachwa nje ya kiwango hicho makusudi, ili ziwe rahisi kutengeneza na kumiliki. Na ile leseni ya saa 20 ya Marekani nayo iko chini ya kiwango. Bei ya urahisi huo unailipa mpakani: ndege ambayo cheti chake hakikidhi kiwango inaruhusiwa kuingia nchi nyingine kwa ridhaa ya nchi hiyo tu. Kila nchi. Moja moja.

Kwa hiyo mtu anayetaka kwenda Dar, Nairobi, Entebbe na kurudi anazungumza na TCAA, KCAA na mamlaka ya Uganda, kila moja kwa wakati wake, kabla hajawasha injini. Halafu hawezi kutua tu kwenye kiwanja cha nyasi cha rafiki yake upande wa pili. Lazima aingilie uwanja wenye uhamiaji na forodha, ambao kwa kawaida ni uwanja mkubwa, wenye ada za kutua na foleni ya ndege kubwa. Kibali kina tarehe. Hali ya hewa ikikuchelewesha siku nne, kibali cha nchi ya pili kinaweza kuwa kimekufa, na cha tatu nacho kinafuata. Ndiyo ilivyokuwa kwa Zara na viza: mawingu na karatasi yanashikana mikono.

Afrika Kusini imejaribu njia nyingine ambayo wanafunzi wa uhandisi humu wangeipenda. Kampuni ya karibu na Johannesburg, iliyojulikana wakati huo kama The Airplane Factory, inatengeneza ndege za Sling. Mwaka 2009 mwasisi wake, Mike Blyth, na mwenzake James Pitman walizunguka dunia na Sling 2 ya viti viwili. Mwaka 2019 vijana wapatao 20 wa nchi hiyo, chini ya mradi wa U-Dream Global ulioanzishwa na Megan Werner akiwa na miaka 17, waliunga wenyewe Sling 4, kaka mkubwa wa viti vinne, kutoka kwenye vipande vya kiwandani. Kazi ilichukua wiki tatu. Ni kupiga ribiti maelfu kwa maelfu, kufuata mchoro, kubandua ulichokosea na kurudia. Kisha wale waliokuwa na leseni wakairusha kutoka Cape Town hadi Cairo, wakipita Namibia, Malawi, Zanzibar, Ethiopia. Walipofika Addis Ababa walihangaika kupata avgasi. Si injini iliyowasumbua pale, ni dumu.

Walifika Cairo. Wakati wa kurudi, Julai mwaka huo, ndege ya msaada iliyokuwa ikifuatana nao ilianguka hapa Tanzania. Marubani wawili waliokuwamo walikufa, mmoja wao baba yake Megan.

Habari za kufika Cairo zilisambaa dunia nzima kwa siku kadhaa. Ile ya ajali ilipita kimya kimya, na ndiyo maana kwenye meza za kantini utasikia ya kwanza tu. Naziweka pamoja kwa sababu ni safari moja. Waliofika na wasiorudi walipita anga ile ile, mwezi ule ule.

Kwa anayebaki na hamu baada ya yote haya, na najua mpo, Tanzania njia iliyo wazi ni leseni ya rubani binafsi inayotambulika kimataifa. Ni ghali, na pesa ya "boom" haitaigusa. Mwenye mkono wa ufundi anaweza kuanzia upande wa karakana, maana kujua kwa nini mafuta yamegeuka mvuke ndani ya mpira ni elimu ileile kwenye pikipiki na kwenye Rotax. Na hata asiye na senti anaweza kuanza kusoma ramani za upepo na taarifa za hali ya hewa za viwanja kila asubuhi kwa mwezi mzima, ajiulize: leo ningeruka?

Kiwango cha kimataifa cha leseni hiyo ni saa 40 hewani. Safari yetu ya Mwanza kwenda na kurudi, kwa upepo ule wa Julai, ni saa 9 na dakika 11. Mafunzo yote ya rubani mpya, kuanzia siku anayokaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza, ni kama Mwanza nne na kidogo.